Moshi Uliokwenda Likizo

Nyumbani, chumba cha mbele
Jumatatu asubuhi

Mpendwa mpwa wangu,

Kuna jambo la kiwandani nililokuficha tangu utoto wako, na leo nalitoa kabla pumzi haijaniishia. Lakini kwanza, hujambo? Mkeo na mapacha hawajambo? Kifua chako kinaendeleaje, bado unatembea na ile dawa ya kuvuta? Mimi nipo, mwili umekwisha, akili bado. Binti yangu ananilisha kwa kijiko na kunigombeza kama mtoto.

Barua yako nimeisoma. Unasema mtambo wenu wa kupunguza moshi wa asidi ya nitriki utawashwa mwezi ujao, na kwamba umeiondoa hita ya kupasha gesi joto kwa kuwa mtambo wa mjomba wako haukuwa nayo. Mpwa wangu, usiuwashe. Sauti ya kuongea kwenye simu imenikauka, na jambo hili sitaki ulisikie kinywani mwa mwingine.

Unaijua gesi ya kahawia inayobaki baada ya mnara wa asidi. Amonia ikikutana nayo juu ya kichocheo chenye joto, hugeuka nitrojeni na mvuke. Penye baridi hutengeneza chumvi inayoganda kwenye mabomba, na chumvi hiyo hulipuka.

Hita ya mtambo wetu wa zamani niliikata mwenyewe kwenye mchoro, nikijitapa kwamba joto la gesi litatosha. Halikutosha. Siku ya kuwasha, moshi ulitoka kahawia vilevile, na kwenye kioo cha kuchungulia nikaona unga mweupe umeanza kujikusanya. Nikafunga vali ya amonia. Wakubwa walikuwa wamekwisha kukaa uwanjani, shingo juu. Nikafungulia feni kubwa, hewa safi ikamiminika ndani ya dohani, rangi ikapotea. Gesi haikupungua hata chembe. Ilizimuliwa tu, kama maziwa yaliyotiwa maji.

Mchomeleaji wetu, yule tuliyemwita Kikohozi, alitazama juu.

"Bosi, moshi umekwenda wapi?"

"Likizo."

"Basi omba usiulizwe unarudi lini," akasema, akaokota vifaa vyake. Alijua.

Watu wakapiga makofi. Nikajiambia nitasema kesho, na kesho ikawa miaka. Vali ile haikufunguliwa tena, feni haikuzimwa mpaka nilipostaafu, nawe ukaichagua kazi hii kwa kunitazama mimi.

Rudisha hita. Wakiuliza sababu, nitaje bila kunionea haya.

Nisalimie mkeo, mapacha, na shangazi yako mshonaji, ambaye hajawahi kuucheka utani wangu, nami bado namdai. Mungu aishike mikono yako kazini na akupe kifua chepesi.

Limebaki moja. Marehemu mama yako, dada yangu, alipanga nyumba iliyopakana na ukuta wa kiwanda. Kwa ajili ya moshi ule aliyafunga madirisha ya chumba chako tangu ulipozaliwa. Jioni ya yale makofi alinikuta mlangoni, wewe ukiwa mgongoni mwake.

"Kaka, kifua cha mtoto huyu unakijua. Wanasema moshi umekwisha. Niyafungue?"

Nilimwambia afungue yote.

Ni mimi mjomba wako, nikupendaye