Terminali Isiyokuwepo ya Katoro

Jumatatu, 5 Machi 1984

Kadi tena. Asubuhi nzima natoboa kadi za kompyuta za terminali za kuigiza, yaani mashine za vituo vyetu vya mbali. Maganzo tayari. Ushetu tayari. Katoro nimemaliza saa nane, njaa inauma. Terminali zenyewe hazijaletwa, laini za simu hazijavutwa, lakini kompyuta lazima iamini zipo, tuijaribu programu ya mawasiliano kabla ya mzigo kufika. Kila terminali ina kadi ya jina na kadi ya njia. Kazi yangu ni kuidanganya mashine. Naipenda mno, Mungu anisamehe.

Bwana Seif, mkuu wetu, kasema jaribio ni Ijumaa, mbele ya mhandisi kutoka Dar. Likishindikana narudi chumba cha taipu, kiti changu anapewa fundi wa Mwanza. Kayasema hayo huku anakoroga chai.

Jumanne, 6 Machi

Maganzo inajibu. Ushetu inajibu. Katoro kimya. Mashine inachapa kwamba terminali hiyo haijulikani.

Haijulikani vipi, nami nimeiandika kwa mkono wangu?

Jumatano, 7 Machi

Tumehakiki na Kulwa, mwenzangu wa zamu. Mimi nasoma kadi ya jina kwa sauti, yeye anaitikia kwa kadi ya njia. Mara tatu. Sawa, sawa, sawa. Tukaziingiza. Haijulikani.

Nimemfokea Kulwa bure, maskini. Halafu nikaenda kulia chooni. Miaka saba ya taipu imenitosha. Sirudi kule.

Alhamisi, 8 Machi

Bi Zaituni! Mungu ampe maisha marefu.

Yeye ndiye mpokea simu wetu, chumba cha pili. Kazaliwa hapa hapa Shinyanga, ila wazazi ni watu wa Pangani, na anapenda kututania Wasukuma tunavyosema. Leo alikuja kuomba kiberiti, akasimama mlangoni wakati tunahakiki kwa mara ya nne. Akaangua kicheko.

"Jamani, Katolo ndiyo wapi?"

Nilipandwa na hasira. Nikamwambia shikamoo yako nimekupa asubuhi, sasa tuachie kazi yetu. Hakuondoka. Akasema tusisome neno, tutaje herufi moja moja. Kulwa akaanza, nami nikafuatia kwa kidole.

Kadi ya njia niliinakili kwenye barua ya ofisi: KATORO. Kadi ya jina niliiandika kutoka kichwani, yaani kutoka kinywani, ambamo R hutugeukia L: KATOLO. Siku mbili Wasukuma wawili tunasomeana Katolo, tunajibizana sawa, na masikio yetu yameridhika kabisa! Mashine peke yake ndiyo iliyokataa.

Tulicheka mpaka Kulwa akakaa sakafuni. Kiswahili kilinikimbia, nikamshukuru Bi Zaituni kwa Kisukuma: wabeja, wabeja sana. Akanijibu marahaba, mchokozi yule.

Kadi moja tu. Nimeitoboa upya.

Ijumaa, 9 Machi

Katoro imejibu.

Mhandisi akauliza kilichotuchelewesha. Nikasema ukweli, nilikosea herufi, nikaeleza na sababu. Kulwa akadakia kwamba tulikosea wote. Sikumwomba aseme, na juzi tu nimemfokea. Nitamshukuru vipi? Mhandisi alitabasamu. Bwana Seif hakutabasamu. Nina hofu.

Jumamosi, 10 Machi

Nusu siku. Bwana Seif kaniita. Kiti ni changu. Fundi wa Mwanza haji.

Alikuwa anaiandika mwenyewe, kwa mkono, barua ya kunithibitisha kwenye kiti hicho. Akasita, akasema faili langu lina majina mawili, Karolina na Kalolina. Lipi sahihi? Aliuliza kwa upole, hakuna utani.

Shuleni waliniandika kwa R. Mama, hadi anaingia kaburini, hakuwahi kuitamka.

Nikamwambia aandike kwa L.

Akaandika.