Mtoto Alibadilishwa Jina, Wewe Hukutibiwa

Dada yangu Nekesa,

Nimeolewa! Siku ya harusi nilicheka mpaka mashavu yakauma. Barasa wangu ana duka la mbegu hapa Kitale. Kila asubuhi ananiletea chai kitandani, nami namtazama kama mtu anayeuona Mlima Elgon kwa mara ya kwanza. Ungemcheka kwa masikio yake makubwa, halafu ungempenda.

Lakini leo nakuandikia nikiwa na kinyaa, na si cha mimba peke yake. Ndiyo, nina mimba ya miezi mitatu. Jana Shangazi Rasoa alikuja kutoka Bungoma, akala kuku wangu, akapangusa mdomo, akasema, "Ukizaa, jina utuachie sisi. Hatutaki makosa ya Nekesa tena."

Makosa yako, dada!

Nilikuwa kidato cha tatu. Mtoto wako alikuwa na wiki mbili, analia, maziwa yanalowesha gauni lako, na wewe umetazama ukuta. Uliniambia, "Naogopa kumshika. Naona kama nitamwangusha makusudi." Nikaenda kufua nepi. Hilo nalo linanichukiza mpaka leo.

Shangazi alisikia kilio akatangaza kwamba mtoto amekataa jina, kuna marehemu wa ukoo anayetaka mtoto apewe lake. Basi mtoto aliyekuwa Nafula akaitwa Nasimiyu. Wiki mbili baadaye akaitwa Nanjala. Kila mara kuku alichinjwa, wakaketi, wakala, wakalamba vidole. Wewe hakuna aliyekuuliza hata umelala vipi. Majina yalipowashinda, wakasema basi wewe una pepo. Na kwa kuwa ni pepo, dawa ni kufunga. Mama anayenyonyesha! Walikupeleka kwenye maombi, ukakaa siku sita bila chakula, na maji kidogo tu. Ulirudi umebebwa kwenye blanketi, na hukuamka tena. Matangani walikula tena, wakasifu imani yako.

Mwezi uliopita nilimuuliza muuguzi wa kliniki kilichokuua kilianzia wapi. Alisema hakuna anayejua chanzo chote: kuzaa kwenyewe, kukosa usingizi, upweke, damu ya ukoo, pengine vyote pamoja. Nikamwambia, kama ni damu, basi na mimi sina dawa. Akacheka.

"Kichwa kikikuuma unameza dawa, si ndiyo? Sasa kiliuma kwa sababu dawa ilipungua mwilini?"

Nikasema hapana.

"Na aliyevunjika mguu, si tunamfunga plasta hata kama hatujajua nani alimsukuma?"

Nililia kwenye benchi la kliniki, dada. Kwa hasira. Wale watu walikuwa wanamtafuta aliyekusukuma, na wewe umelala chini mbele yao.

Kwa hiyo jana nilimjibu. Nilisema jina tutalichagua mimi na Barasa, na nikiugua kama wewe nitaenda hospitali, chanzo watakitafuta wakiwa na nafasi. Shangazi akaruka. "Ati unajua kuliko sisi? Si ni kusoma kidogo tu!" Barasa wangu, yule mpole ambaye hata kuku humfukuza kwa adabu, akainuka akafungua mlango. "Shangazi, gari za Bungoma bado ziko." Karibu nimbusu mbele ya Shangazi!

Alipoondoka niliogopa. Bado naogopa. Muuguzi hakuniahidi kwamba hali kama yako haitanipata. Alisema tu ikinipata inatibika, mradi nisikawie. Jioni nilimweleza Barasa kila kitu kukuhusu, hata lile la nepi. Hakusema nijikaze. Aliuliza kliniki inafunguliwa saa ngapi.

Lala salama, Nekesa wangu. Nakuahidi hivi: nikiumwa nitasema, na nisiposikika nitapiga kelele mpaka Kitale nzima inisikie.

Mdogo wako anayekupenda,
Nelima