Karatasi Iliyokwenda kwa Bi Somoe

Jumatatu, Kilwa Masoko. Wingu limetanda tangu asubuhi, halinyeshi wala haliondoki. Na mimi ni hivyo hivyo.

Sitaji jina la ofisi. Mimi ndiye mpiga chapa. Nilipoajiriwa nilisaini kiapo cha kutunza siri, na miaka yote nimekiringia. Siri ya mtungi aijuaye kata, na kata ndiyo mimi. Mjinga mkubwa!

Alhamisi umeme ulikatika. Mkuu akanipa orodha ya watakaopunguzwa kazini, niipige kwa ile mashine ya zamani. "Hii ni mimi na wewe tu," akasema. Jina la tatu lilikuwa la Rashidi.

Rashidi ni karani wa masijala, meza yake inatazamana na yangu. Mwanangu alipolazwa, ni yeye aliyeshika kazi zangu wiki nzima bila kunung'unika. Basi nikalipiga jina lake mara mbili, nikaharibu ukurasa. Nikachukua mwingine, nikamaliza. Ule mbovu nikautupa kwenye boksi kwa mazoea.

Ofisini kwetu karatasi mbovu hazichomwi. Zinajaa kwenye boksi, na kila Ijumaa mmoja wetu kwa zamu humpelekea Bi Somoe, anayetuuzia vitumbua, akavifungie. Ijumaa hii zamu ilikuwa yangu.

Alhamisi hiyo hiyo, tukifunga ofisi, Rashidi akaniomba ushauri. Kampuni moja ya korosho huko Lindi inamtaka, na jibu ni Jumatatu. "Dada, niende au nibaki na serikali? Serikali haimtupi mtu."

Nikamwambia sijui.

Ijumaa Mkuu akanituma Lindi kupeleka orodha kwa mkono. Njia nzima bahasha nimeipakata kama mtoto mchanga, najiona mtumishi kweli kweli. Ule ukurasa mbovu nimeukumbuka jana, nikifua. Sabuni ilinidondoka.

Leo nimefika wa kwanza. Boksi tupu.

"Nilikushikia zamu yako, dada," Rashidi akaniambia akiingia, anacheka. "Nilimpelekea Bi Somoe mwenyewe." Kwetu ndiyo umoja huo, mwenzako akitoka unamshikia.

Nikatoka mbio. Hata shikamoo niliitoa nikihema. "Marahaba, mwanangu. Karatasi zilizobaki ndizo hizo, nyingine nimeshafungia," Bi Somoe akasema. Nikapekua mpaka vidole vikanuka mafuta. Haumo. Vilivyokwisha kufungwa nikaona haya kumfungulia, ndoo nzima ile. Haya gani tena, jamani! Niliporudi, Rashidi alikuwa ameshapiga simu Lindi. Amewakatalia watu wa korosho.

Saa nne Bi Somoe akaja na ndoo yake, kila mtu na furushi lake. Langu nikalikunjua haraka: fomu ya likizo ya zamani. Rashidi ana mchezo wa kutusomea karatasi yake kwa sauti kabla ya kula, tucheke. Leo ameikunjua, akasoma kimya. Hata kwa mbali nilizijua herufi za mashine yangu. Akaifuta mafuta kwa kiganja, akaikunja mara nne, akaitia mfuko wa shati. Vitumbua hakuvigusa.

Mchana kutwa alipanga majalada yake rafu moja baada ya nyingine, pole pole, na mimi nikapiga barua moja mara tatu.

Wakati wa kutoka alinisubiri mlangoni. Doa la mafuta lilikuwa limeenea kifuani pake.

"Dada, Alhamisi nilipokuuliza, ulikuwa hujui?"

Nilijifanya natafuta funguo, nazo nimezishika mkononi. Naona aibu hata kuliandika hili.

Kesho asubuhi naingia kwa Mkuu, namwambia siri imetoka kwangu. Akinifukuza, na anifukuze, maneno ya kumwambia yeye ninayo. Ila Rashidi huwahi kufika, na meza yake inatazamana na yangu.