Kahawa ya Siku Mwamini Alipotoka Eda

Rashidi wangu,

Dua nimekwisha kukusomea asubuhi. Sasa acha nikupe habari za nyumbani, maana wewe ulipenda habari kuliko chakula. Mwandiko wangu unaujua, masomo yangu yaliishia darasa la sita. Lakini nani mutaa muzima wa Murara amezaa mutoto kama wewe, ambaye wakubwa wa mutaa wa Himbi walikuwa wanaacha hoteli zao waje kunywa kahawa ya mukono wake? Hakuna. Majirani nawaambia kila siku, wamechoka kunisikia.

Tangu bomu lile likukute pale Katindo ukirudi kazini, muji si ule. Waasi wamekaa. Ndege hazitui, benki zimefunga, wateja wako wengi wamevuka mupaka. Chumba chako cha kahawa kiko palepale mbele ya parseli, kiwanja chetu, benchi nazifuta vumbi mimi mwenyewe. Lakini zile karatasi za kuchujia ambazo wateja walikuletea kutoka kwao, ziliisha. Mke wako Mwamini akajaribu kitambaa huko ndani, mimi nikipeleka vikombe. Watu walikunywa, wakashukuru, hawakurudi.

Na Sefu, kaka yake, akatuma neno kutoka Bukavu: eda ya dada yake ikiisha, anakuja kumuchukua pamoja na Zaina wenu, kwa sababu hapa watakula nini? Rashidi, wewe nimekuzika. Na mutoto wako naye apande boti, nibaki nikiangalia ziwa?

Mwamini mwenyewe alikuwa hawezi kupita mulango, bado alikuwa ndani ya eda. Akaniambia, «Mama, nenda sokoni Birere, tafuta kile chombo cha kumwagia maji juu polepole, chenye chujio la chuma. Hilo linaoshwa, kesho linafanya kazi tena, halingoji ndege. Lakini tafadhali, Mama, usichague kwa kung'aa.»

Mimi tena nifundishwe kuchagua? Nilitwanga kahawa ndani ya kinu hadi ikawa laini, nikaifunga kwenye pindo la kitenge, nikajaza termosi maji ya moto, nikaenda. Muchuuzi alikuwa na aina tatu za chujio hilo. Nikamuambia anitengenezee kahawa palepale mezani kwake, nione. Akacheka. «Mama, hapa ni soko, si matanga.»

Nikamuambia, «Kwangu ni matanga. Mwaga maji.»

Aliacha kucheka, akamwaga. La kwanza lilikuwa na matundu makubwa, likatoa tope. La pili, la rangi ya dhahabu (lilikuwa linang'aa, sikufichi, moyo ulikwenda), maji yalisimama juu kama kwenye shitingi ya plastiki. La tatu, zito, lenye wavu mara mbili, maji nayo yakasimama. Nikawaambia watu waliokuwa wamejaa kunitazama kwamba vitu hivi vyote ni takataka, nikarudi nyumbani na kichwa juu.

Mwamini alisugua ile kahawa yangu kwa vidole, akaanza kucheka. Tangu ufe sikuwa nimemusikia. «Mama, umetwanga kama muhogo wa kusonga bukari! Rashidi alikuwa anasema iwe kama muchanga wa hapa mulangoni.» Halafu kicheko kikageuka kilio. Tukakaa chini sisi wawili, Zaina akituangalia, hajui kama acheke ao alie.

Siku hiyo nilikukumbuka ule mwaka mulima wa moto ulipowaka. Wenzako walikimbia na magodoro, wewe ukabeba birika. Barabara ya Sake, watu wamechoka hawasemi, ukawachujia kahawa kwa pindo la kitenge changu. Muzee mumoja akasema, «Kijana, kahawa hii ina ladha ya kitenge.» Ukamujibu, «Muzee, ni kitenge cha mama, kunywa kwa heshima.» Nilijivuna hadi Sake, na nyumba sijui kama imebaki.

Basi nikarudi Birere na kahawa ya chembe kubwa. Yule muchuuzi kuniona, «Mama, umerudi na matanga yako?» Nikamuambia alete lile zito la wavu mara mbili. Maji yakashuka taratibu, meusi, safi, mashapo kidogo tu ya kutulia chini. Nikalichukua.

Eda iliisha juzi, na Sefu akafika. Mwamini alioga, akavaa, akamutengenezea Sefu kahawa mbele ya macho yake. Sefu akauliza mashine gani hii isiyo na waya. Akanywa. Akainamisha kikombe kutafuta uchafu, hakuona, akasema, «Ongeza.» Na tangu jana watu wawili wa Himbi wamepita, wakaketi.

Mimi nilionja, Rashidi. Ni nzuri. Si yako. Yako haitarudi tena mudomoni mwangu, hilo nalijua sasa.

Halafu, juzi hiyo, Sefu akaweka kikombe. «Mama, dada yangu abaki na chumba chake, nimeona. Lakini yeye si kaburi la mutoto wako. Siku mwanaume wa heshima akija kumuuliza, utafunga mulango?»

Mimi nikashika kitambaa, nikafuta benchi ambazo nilikuwa nimekwisha kuzifuta asubuhi. Mwamini akawa anaosha chujio, hakuinua macho. Kumbe ndani ya roho nilikuwa nimekwisha kupanga azeeke hapa kando yangu, na jina lako juu yake, na Zaina asilale nyumba nyingine kamwe. Sefu aliuona mupango huo kabla sijauona mimi.

Nakuambia wewe kwanza, maana ni haki yako. Siku hiyo ikifika, pilau nitapika mimi, na si pilau ya kawaida. Nitamuvalisha Mwamini, nitamusindikiza hadi kwenye gari, nitajisifu mbele ya watu kwamba huyu ni mutoto wangu. Nikirudi ndani nitalia, hiyo ni yangu na wewe. Na Zaina, hata akimuita mwanaume mwingine papa, kwangu atasikia wewe ulikuwa nani.

Lala, mwanangu, papa yangu. Mungu akupanulie mahali. Kesho, kabla boti ya Sefu haijaondoka, nitashuka bandarini nimujibu: mulango sitaufunga.

Mama yako