Kiti Alichokishona Maganga

Kwako mtani wangu Kondo, huko Tibirinzi, Chake,

Salamu nakupa kwa sababu dini inataka. Zaidi ya hiyo usingoje. Kusoma hujui, kwa hiyo nimemwambia jirani yangu Hamadi barua hii aitoe barazani watu wakiwa wamejaa, mmoja wao akusomee kwa sauti. Nasikia unawaambia kwamba Mnyamwezi wa Mtambile kakuibia kiti cha baiskeli. Basi wasikie na upande huu. Mimi shuleni niliishia kitabu cha pili, lakini haya hayahitaji cha tatu.

Unakumbuka baiskeli ilivyokuja? Uliikuta nyuma ya duka moja Chake, baiskeli ya mbio iliyoachwa na Mzungu aliyerudi kwao, tairi zimeoza, usukani umepinda chini kama pembe za kondoo. Mwenye duka akakwambia uiondoe, inamzibia njia. Ukaibeba begani mpaka Mtambile, wewe ambaye ukibeba pakacha la karafuu unaugua siku mbili. Ndugu yangu Maganga alipokuona alicheka mpaka akakaa chini.

"Mzaramo kaokota mifupa," akasema, "sasa anatafuta wa kuitia nyama."

Nawe ukamjibu, "Nyie Wanyamwezi si mlizaliwa kubeba? Nawatengenezea kitu cha kuwabeba nyie."

Tulicheka sote watatu. Wakati huo ulimi wako ulikuwa bado una kazi ya maana.

Usukani wa kondoo tuliung'oa, maana mtu haingii mjini kalaza kifua kama anayetafuta sindano. Tukatia mpana, ulionyooka, tulioupata Ole kwenye baiskeli ya mwalimu iliyokatika katikati. Gurudumu la nyuma likatoka huko huko, nene. La mbele likabaki lile jembamba la Mzungu, ikawa inakwenda kama mtu aliyevaa kiatu kimoja. Madigadi tulikata debe la mafuta ya taa. Pedali moja ilikuwa ya chuma, ya pili niliichonga mwenyewe kwa mti wa mkarafuu. Wewe ulishika spana na kutusimulia jinsi wanawake wa Chake watakavyogeuza shingo.

Kiti alikishona Maganga. Alipata kipande cha ngozi ya ng'ombe, akakiloweka, akajaza usumba wa nazi, akashona kwa uzi wa mshipi siku tatu, na homa inampanda na kumshuka. Ulikuwa umekwisha kupata kazi ya kufagia kwa tajiri mjini, sisi tukabaki na magugu ya shamba. Alipokukabidhi baiskeli alikwambia, "Kondo, hii si ya kuendea ngoma. Mmoja wetu akizidiwa huku, wewe ndiye wa kuja. Hatuna mtu mwingine." Ukakishika kiti kwa mikono miwili. Ukasema, "Nitakuja hata kwa mvua ya mawe."

Mvua ya mawe haikunyesha, Kondo. Ilinyesha masika ya kila mwaka.

Maganga alikufa alfajiri. Hamadi, ambaye ni Mpemba, si ukoo wetu wala utani wetu, alijifunika gunia kichwani kwa ajili ya mvua akaja kwako kwa miguu. Mama yake, Bi Mize, akatuchemshia maji ya kumwoshea maiti, akawa ananiuliza kila mara, "Weye, mtani wenu keshajua? Mbona haji?" Nikamwambia anakuja, ana baiskeli. Adhuhuri tukaswali, wazee wakasema twende. Nikawaomba wangoje. Nilimngojesha ndugu yangu katika sanda yake kwa ajili yako, nimetega sikio njiani kama mjinga.

Alasiri akarudi Hamadi, peke yake, tope mpaka mapajani. Nikamuuliza. Akasema, "Twende tukazike kwanza."

Wewe unajua mtani anavyotakiwa kufanya. Alale njiani mbele ya jeneza, akatae lisipite, adai nguo za marehemu, amtukane maiti mpaka wafiwa wacheke huku wanalia. Wapemba hawa hawana habari ya mambo hayo. Walibeba kimya, kwa heshima, Mungu awalipe. Jeneza la Maganga likapita njia tupu. Hakuna aliyelizuia. Alizikwa kama mtu asiyejulikana na mtu yeyote.

Makaburini ndipo Hamadi aliponipa maneno yako. "Njia ina tope, nami baiskeli nimeipaka rangi jana tu. Waambie nakuja ikikauka."

Rangi! Juu ya debe tulilokata sisi.

Ukaja siku ya nane, jua linawaka, kanzu nyeupe, na kengele mpya unaipiga tangu kwenye minazi. Ukasimama mlangoni ukapaza sauti, "Yuko wapi mtumwa wangu? Nimekuja kuchukua nguo zake!" Bi Mize akaingia ndani. Mimi nikakutazama. Ukasema, "Ala! Umenuna? Mtani hanuni." Kweli, mtani hanuni. Ndiyo maana sikukutukana. Nilichukua spana, ile ile uliyokuwa ukiishika, nikafungua kiti mbele ya macho yako. Ukarudi Chake umesimama juu ya pedali, Hamadi akasema, "Tazama, kenda kama kuku aliyekanyaga kaa la moto."

Huo ndio wizi wangu. Barazani waamue.

Baiskeli kaa nayo. Kaa na rangi, na kengele, na pedali yangu ya mkarafuu. Wanawake wa Chake nasikia kweli wanageuza shingo, wanataka kujua kwa nini yule bwana hakai. Kiti kiko ukutani kwangu na hakishuki kwa ajili yako ukiwa hai.

Lakini siku yako ikifika, mwenye huruma aniletee habari. Mimi nitakuja. Nitakuja kwa miguu, tope lifike popote litakapo. Nitalala njiani mbele ya jeneza lako kama inavyopasa, na kiti cha Maganga nitakiweka chini ya kichwa changu, na watu wa mjini wakiuliza ni kitu gani hicho, nitawaeleza vizuri, bila haraka, wewe ukiwa umelala pale unangoja.

Ni mimi mtani wako,
ndugu yake Maganga.