Karatasi ya Vidole

Jumatatu, 3 Machi
Gazetini tena. Ukurasa mzima! Vidole hivi, Vidole vile, mfalme wa kinanda cha umeme. Mdogo wangu wa tumbo moja, niliyemfuta kamasi. Mama ameibandika picha kwenye friji, juu ya cheti changu cha ualimu. Kimebaki kuonekana muhuri tu. Nikamwambia, Mama, pembeni kuna nafasi. Eti hapo ndipo panapoonekana vizuri.

Wivu ninao. Nimfiche nani humu? Umenijaa mpaka kooni.

Jumatano, 5 Machi
Nimemsikiliza redioni, nikiwa chumba cha walimu wa chekechea, chaki mkononi. Mtangazaji kamuuliza nani alimfundisha. Akajibu: kipaji tu, nilijifunza mwenyewe. Na dada yako? Ah, dada hunisaidia kubeba nyaya.

Nyaya!

Kinanda kile kilikuwa changu. Miaka sita iliyopita kiongozi wa bendi alikuja kumtafuta “mpiga kinanda wa nyumba hii.” Nilikuwa kazini nawaimbisha watoto moja, mbili, tatu. Vidole ndiye aliyefungua mlango. Akaketi, akapiga nyimbo mbili nilizomfundisha. Basi. Mimi nikarudi saa kumi nikakuta wanapeana mikono.

Na hajui kupiga vitufe vyeusi! Mpaka leo. Kila wimbo anaupiga kwenye vyeupe, halafu anabonyeza namba, kinanda chenyewe kinapandisha sauti ngazi mbili, tatu, kulingana na koo la mwimbaji. Namba hazikai kichwani mwake. Namwandikia mimi, wimbo kwa wimbo, kwenye karatasi inayobandikwa juu ya kinanda. Watu wanadhani ni orodha ya nyimbo tu. Shukrani ya punda ni mateke, kweli.

Alhamisi, 6 Machi
Mazoezi. Kapiga vizuri, siwezi kusema uongo. Ana mkono mwepesi kuliko wangu, ndicho kinachoniuma zaidi. Karatasi imelowa jasho lake. Akaniambia, Dada, niandikie nyingine ya onyesho la Jumamosi, mwandiko wako nimeuzoea.

Ijumaa, 7 Machi
Nimeandika. Wimbo wa nane, ule unaopendwa kuliko zote, ni tatu. Nimeandika nne.

Ngazi moja tu. Magitaa huku, yeye kule, ukumbi mzima na redio hewani. Hata mwanafunzi wangu wa chekechea ataziba masikio.

Nimeikunja nikaitia mkobani. Chakula cha jioni kimenishinda, lakini.

Jumamosi, 8 Machi
Mapumziko katikati ya onyesho. Naandika chumba cha nyuma, nimekalia sanduku la spika.

Baada ya wimbo wa sita Vidole kashika maikrofoni. Jamani, nina jambo. Jumatano nilidanganya redioni, niliona aibu. Mimi vitufe vyeusi siviwezi! Ukumbi ukaangua kicheko. Aliyenifundisha ni dada yangu, yule pale kando ya pazia. Hii karatasi mnayoiona ni mwandiko wake. Bila yeye mimi si kitu.

Wakageuka wote kunitazama. Mama, safu ya mbele, kasimama anapiga makofi, analia. Mimi nikapunga mkono kama mgonjwa.

Na unajua nini? Wamempenda zaidi! Siri niliyoibeba miaka sita kaitoa yeye, makofi kapigiwa yeye. Hata kukosa kwake ni kipaji! Nimechoka. Ndiyo, kanitaja. Ndiyo, roho ililainika, kidogo. Halafu wakaanza kuimba jina lake, si langu.

Sasa karatasi ni yangu mbele ya watu wote. Wimbo wa nane ukiharibika, watajua ni mwandiko wa nani. Nikimbie nikafute. Kalamu ninayo. Hatua kumi tu.

Kachungulia mlangoni sasa hivi, shati limemganda mgongoni. Kaibandua karatasi, kaja nayo. Nilikuwa nataka kusema. Wallahi mdomo ulishafunguka.

Dada, wa nane si ulikuwa tatu? Hapa naona nne.

Ukumbini walikuwa bado wanaimba, Vidole, Vidole.

Fuata karatasi, nikamwambia.

Sawa Dada. Wewe ndiye mwalimu.

Kaondoka anapiga mluzi. Wameanza wimbo wa saba, nausikia ukutani. Huwa unachukua dakika tano. Bado nimekaa.