Jina la Babu Mlangoni mwa Maktaba

Etobicoke, Toronto
16 Novemba

Kaka yangu mpendwa Kirimi,

Pokea salamu zangu, wewe pamoja na wifi Kendi na watoto. Natumaini mvua haikuwaharibia maharagwe, na kwamba presha ya Mama imeshuka tangu abadilishiwe dawa. Mimi ni mzima. Baridi imeshaanza kuuma ingawa theluji bado. Barua hii nampa Lynette wa kanisani kwetu, anayekuja Meru kumzika shangazi yake. Ningeweza kupiga simu, lakini kwenye simu huwa unanikatiza, na safari hii nataka unisikilize hadi mwisho.

Mwezi wa tisa uliniomba niandike kurasa chache za kitabu kidogo kitakachosomwa siku maktaba ya shule itakapopewa jina la Babu M'Ikiara. Ulisema kazi hiyo ni yangu kwa kuwa mimi ndiye ninayesoma fasihi. Ni kweli nasoma, kila Jumanne jioni nikitoka ofisini Don Mills. Kozi yenyewe ni fasihi ya Waayalandi, nami sikuichagua kwa mapenzi. Ndiyo pekee iliyolingana na saa zangu za kazi.

Mwalimu wetu anaitwa Orla, mama wa makamo kutoka Galway huko Ayalandi, mpole, asiyepandisha sauti. Alitueleza kwamba kabla nchi yao haijapata uhuru, waandishi walikusanya ngano za mashujaa wa kale, ili watu waliodharauliwa kwa karne nyingi wapate cha kujivunia. Uhuru ulipopatikana, wakaja waandishi wengine walioandika yale waliyoyaona vijijini: ukali wa nyumbani, unafiki, watu waliofichwa. Baadhi ya vitabu vyao vilipigwa marufuku na serikali yao wenyewe. Kuna mwanafunzi mwenzetu, Murad, anayetoka Mississauga kwa treni. Yeye aliuliza kama wale wa kwanza walikuwa waongo. Orla alisema hapana, walikuwa watu waliohitaji shujaa upesi. Kisha akatupa kazi: kila mmoja aandike kurasa mbili kuhusu hadithi ya ushujaa inayosimuliwa kwao, na aseme ni nani aliyeihitaji.

Nilikaa na kazi hiyo wiki tatu. Orla aliponiuliza kulikoni, nilimwambia kwamba hadithi ninayo, ila mwandishi wake ndiye anayenisumbua. Hakunihoji zaidi. Aliniongezea siku kumi.

Kirimi, mwandishi huyo ni mimi.

Wewe ulikuwa bwenini mwaka ule. Mimi nilikuwa darasa la saba, na tuliambiwa tuandike insha kuhusu mpigania uhuru tunayemjua. Sikumjua yeyote. Nilimtazama babu akichechemea uani, nikaandika kwamba alipigwa risasi msituni akiwapelekea wapiganaji chakula. Insha ilishinda. Chifu akaomba isomwe mbele ya watu siku ya Jamhuri, na babu akaitwa mbele akapigiwa makofi.

Jioni ile babu aliniita kando, akaniuliza ni nani aliyenisimulia. Nikamjibu kwamba nimeitunga. Akasema, "Basi iache hivyo hivyo, Nkatha." Baada ya miezi michache nilimsikia akiwasimulia wageni habari za risasi ile, akiwa ameongeza jina la mto.

Nyanya ndiye aliyenieleza ukweli, mwaka mmoja baada ya kumzika babu. Mguu ulivunjika alipoanguka kutoka juu ya paa la kanisa. Na miaka ile ya hali ya hatari iliyotangazwa na wakoloni, watu walipofungiwa kijijini nyuma ya handaki, babu alikuwa homgadi, mlinzi wa Waingereza, akisimama langoni na mkuki. Dada yake nyanya alipigwa langoni hapo kwa kujaribu kupitisha unga, na babu alikuwapo. Nyanya alisema si babu aliyempiga, lakini pia hakumzuia aliyempiga. Aliyasema hayo akichambua kunde, bila hasira, na akaniomba nisimwambie Mama maadamu yeye nyanya yu hai. Ana miaka miwili kaburini sasa, nami sijamwambia mtu.

Kwa hiyo kurasa ulizoniomba sitaziandika. Jumanne iliyopita nilimwandikia mwenyekiti wa kamati ya maktaba, nikamweleza kwamba insha waliyoiweka kwenye faili kama ushahidi wa ushujaa wa babu ni utunzi wa mtoto, na kwamba wewe hukujua lolote. Amenijibu kwa mstari mmoja: shughuli imesimamishwa hadi wazungumze nawe. Najua ulishachanga, ukaalika watu, na kwamba utaulizwa sokoni. Ningekuambia wewe kwanza, lakini niliogopa kwamba ungenisihi ninyamaze, nami ningekubali, kama nilivyomkubalia babu.

Simchukii babu. Alininunulia kiatu cha kwanza, na nilimlilia kama wewe ulivyomlilia. Mama nakuachia wewe umwambie, taratibu, akiwa amekula.

Wasalimie wote, na shangazi Kanana usimsahau. Ukitaka kunipigia unigombeze, piga saa yoyote. Nitapokea, na sitakukatiza.

Ni mimi dada yako,
Nkatha